Kimya Kingi Kina Mshindo: Maisha na Kazi ya Kurt Masur

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Aghalabu methali hii hutolewa kama onyo: anayenyamaza kwa muda mrefu huenda analiwaza jambo zito, nao waliomzunguka wajihadhari. Hata hivyo, ipo kazi moja duniani ambayo msingi wake ni kimya chenyewe. Katika jukwaa la muziki wa okestra, wapigaji themanini au mia moja huketi na fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma zao, kila mmoja akitoa sauti yake. Mbele yao husimama mtu mmoja ambaye hatoi sauti yoyote. Ameupa umati mgongo, ameinua mikono, na kwa ishara za vidole na macho huwaambia wenziwe lini waanze, lini waharakishe, lini wapunguze, na lini wanyamaze pamoja naye.

Kiswahili bado hakijampa mtu huyu jina ambalo wote wameliafiki. Neno kondakta lipo, lakini katika Kenya linamleta akilini kijana aning'iniaye mlangoni mwa matatu akidai nauli. Wajerumani humwita Dirigent, na katika miji yenye okestra kongwe huendelea kutumia cheo cha kale cha Kapellmeister, yaani mkuu wa wanamuziki. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ndugu yake wa karibu ni mwalimu wa kwaya, yule asimamaye mbele ya wanafunzi wake katika mashindano ya muziki, mikono ikipaa na kushuka. Makala haya yatamwita kiongozi wa okestra, na yatamwangalia mmoja wao: Mjerumani Kurt Masur, aliyekuwa kiongozi wa okestra na profesa wa muziki mjini Leipzig. Ingawa aliishi kwa kuongoza sauti za wengine, siku moja ya mwaka 1989 alilazimika kuitumia yake mwenyewe. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: neno la mtu huyu lilipata wapi uzito wa kusikilizwa?

Kidole Kilichogeuza Njia

Kurt Masur alizaliwa tarehe 18 Julai 1927 katika mji wa Brieg, jimbo la Silesia. Siku hizo mji huo ulikuwa wa Ujerumani. Tangu mwaka 1945 umekuwa wa Poland na huitwa Brzeg. Familia yake haikuwa ya wanamuziki mashuhuri. Baba yake alifanya kazi ya umeme, na kijana Kurt pia alifunzwa ufundi huo. Piano alianza kuipiga utotoni, na ndoto yake ilikuwa kuwa mpigaji piano.

Alipokuwa na umri wa miaka 16, ndoto hiyo ilikatika. Kano ya kidole kidogo cha mkono wake wa kulia iliharibika, na daktari akasema haiwezi kurekebishwa. Mpigaji piano asiyeweza kukitegemea kidole kimoja ni kama mwandishi aliyenyang'anywa herufi moja ya alfabeti: anaweza kuandika, lakini si kila neno. Masur hakuuacha muziki. Aligeukia uongozi wa okestra, kazi isiyodai kidole kipige ala bali akili isikie ala zote. Baadaye alijulikana kwa tabia ya kuongoza bila kijiti kile ambacho viongozi wengi hushika. Aliongoza kwa viganja vitupu. Mkono ule ule ulioshindwa kuitawala piano ukawa ndio chombo chake cha kazi.

Vita vya Pili vya Dunia havikumpita. Katika miezi ya mwisho ya vita aliingizwa jeshini akiwa angali kijana, akayaona mauti kwa karibu. Vita vilipokwisha, mji wa kwao ulikuwa umeingia mikononi mwa taifa jingine. Mwaka 1946 alijiunga na chuo cha muziki cha Leipzig, katika mji uliojaa vifusi. Hata ukumbi mashuhuri wa muziki wa mji huo ulikuwa umebomolewa na mabomu. Alisoma piano, utunzi na uongozi wa okestra kwa takriban miaka miwili, kisha akaondoka mwaka 1948 kabla ya kuhitimu ili akafanye kazi katika jumba la opera la Halle. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu ambaye miaka ya baadaye angeitwa profesa katika chuo hicho hicho alikiacha bila kukamilisha masomo.

Ngazi Baada ya Ngazi

Mtu hapandi jukwaa kubwa kwa siku moja. Huko Halle kazi ya Masur ilikuwa kuwasaidia waimbaji wa opera katika mazoezi. Hii ni kazi isiyoonekana na umati, kwa kuwa msaidizi huketi kwenye piano na kuurudia ubeti mmoja mara ishirini hadi mwimbaji aupate. Kutoka hapo alikwenda Erfurt, kisha opera ya Leipzig, na kuanzia mwaka 1955 hadi 1958 okestra ya Dresden Philharmonic. Baadaye alifanya kazi katika jumba la maonyesho la Schwerin, na kati ya mwaka 1960 na 1964 aliongoza muziki katika Komische Oper ya Berlin Mashariki, alikokuwa mwelekezi maarufu Walter Felsenstein. Mwaka 1967 alirejea Dresden akiwa kiongozi mkuu wa okestra ile aliyokuwa ameihudumia awali.

Mwaka 1970 aliteuliwa kuwa Gewandhauskapellmeister, yaani kiongozi mkuu wa okestra ya Gewandhaus ya Leipzig. Alikikalia cheo hicho kwa miaka 26, hadi mwaka 1996.

Ili kuelewa uzito wa cheo hicho, ni sharti kuieleza Gewandhaus yenyewe. Jina hilo maana yake ni nyumba ya nguo. Chimbuko la okestra hii si kasri la mfalme wala hazina ya kanisa. Mwaka 1743 wafanyabiashara wa Leipzig waliamua kugharimia tamasha za muziki kwa fedha zao wenyewe, na mwaka 1781 wakaupata ukumbi ndani ya jumba la wauzaji wa vitambaa. Okestra ikarithi jina la jumba hilo. Tangu mwanzo, basi, ilikuwa mali ya wananchi wa mji na si ya mtawala. Kati ya mwaka 1835 na kifo chake mwaka 1847 iliongozwa na Felix Mendelssohn Bartholdy, ambaye pia alianzisha chuo cha muziki cha Leipzig mwaka 1843. Yeyote aliyekikalia kiti hicho baada yake alikuwa akikalia kiti cha mtunzi, kiongozi na mwalimu kwa wakati mmoja.

Mambo mawili aliyoyafanya Masur katika kiti hicho yanastahili kutajwa. Kwanza, okestra yake haikuwa na makao. Ukumbi wa kale ulikuwa umeharibiwa na vita, na magofu yake yaliondolewa mwaka 1968. Masur aliisukuma serikali ya Ujerumani Mashariki ijenge ukumbi mpya, na hakuchoka kuisukuma. Tarehe 8 Oktoba 1981 jumba jipya la Gewandhaus lilifunguliwa, lenye viti takriban 1,900. Pili, alimrudisha Mendelssohn nyumbani. Mendelssohn alikuwa mjukuu wa mwanafalsafa wa Kiyahudi Moses Mendelssohn. Kwa sababu hiyo utawala wa Wanazi uliupiga marufuku muziki wake, na mwaka 1936 sanamu yake iliyosimama mbele ya Gewandhaus iling'olewa. Masur aliurejesha muziki huo jukwaani na katika kanda na sahani za santuri, na baada ya Ujerumani kuungana alipigania kuokolewa kwa nyumba ya mwisho aliyoishi mtunzi huyo mjini Leipzig. Nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1997.

Profesa Asiye na Ubao

Mwaka 1975 Masur alipewa uprofesa katika chuo cha muziki cha Leipzig. Aliendelea kuwafunza viongozi chipukizi hata uzeeni, katika darasa za muda mfupi alizoziendesha katika nchi mbalimbali.

Ufundishaji wa kazi hii una ugumu wake. Mwalimu wa fasihi huweza kuifungua riwaya na kuonyesha kidole aya anayoijadili. Mwalimu wa fidla huweza kuitwaa fidla na kuonyesha. Mwanafunzi wa uongozi wa okestra hana ala ya kujifungia nayo chumbani, kwani ala yake ni binadamu themanini wenye fikra zao. Anachoweza kujifunza peke yake ni kusoma maandishi ya muziki: ukurasa mmoja huweza kuwa na mistari ishirini inayokwenda sambamba, na kiongozi hutakiwa kuisikia yote kichwani kabla noti moja haijapigwa. Yaliyosalia hujifunza mbele ya watu, na makosa yake huonekana na watu.

Hapa ndipo somo la kusikiliza linapoingia. Kiongozi asiyesikia hawezi kusahihisha, na wapigaji hutambua upesi kama aliye mbele yao anawasikia au anajitazama mwenyewe. Mamlaka yake hutokana na cheo kwa dakika za mwanzo tu. Baada ya hapo hutokana na kazi: kwamba amekuja akiwa ameandaa, kwamba anapomsimamisha mpigaji wa zumari anajua kwa nini, na kwamba anataka muziki uwe bora kuliko anavyotaka kuogopwa. Mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya darasa anaujua ukweli huu.

Jioni ya Tarehe 9 Oktoba

Ukweli usifichwe: Masur hakuwa mpinzani wa serikali ya Ujerumani Mashariki. Aliishi nayo vyema. Aliruhusiwa kusafiri nje pamoja na okestra yake katika nchi ambayo raia wa kawaida alizuiwa mpakani, naye alipokea tuzo za taifa. Wapo waliomlaumu kwa hayo, na lawama hiyo haiwezi kutupiliwa mbali. Jumba jipya la Gewandhaus lisingejengwa bila urafiki na wakubwa. Mtu aliyekula na watawala kwa miaka kumi na tisa alikuwa na mengi ya kupoteza.

Dalili za mabadiliko zilionekana mwaka ule wa 1989. Mwezi wa Juni, polisi wa Leipzig waliwakamata vijana waliokuwa wakipiga muziki barabarani bila kibali. Kosa lao lilikuwa muziki. Mwezi wa Agosti Masur aliwaalika wanamuziki hao wa mitaani pamoja na wawakilishi wa dola waje wazungumze ndani ya Gewandhaus. Kwa mara ya kwanza jumba lile lilifunguliwa kwa mjadala wa aina hiyo.

Wakati huo, kila Jumatatu watu walikusanyika katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai kwa sala za amani zilizokuwa zimeanza mwaka 1982. Kufikia vuli ya mwaka 1989 sala hizo zilikuwa zikimalizikia barabarani, na umati ulikuwa ukiongezeka wiki baada ya wiki. Serikali iliadhimisha miaka 40 ya taifa tarehe 7 Oktoba, na haikutaka kuaibishwa. Mwezi wa Juni mwaka ule ule jeshi la Uchina lilikuwa limewaua waandamanaji mjini Beijing, na bunge la Ujerumani Mashariki liliunga mkono hatua hiyo. Kisha tarehe 6 Oktoba gazeti la Leipzig lilichapisha barua ya kamanda wa wanamgambo aliyetishia kwamba maandamano yangekomeshwa hata kwa silaha ikibidi. Jumatatu iliyofuata ilikuwa tarehe 9. Maelfu ya polisi, wanajeshi na wanamgambo waliwekwa tayari, na mji mzima ukashikwa na hofu kwamba damu ingemwagika.

Alasiri ya siku hiyo watu sita walikutana nyumbani kwa Masur. Pamoja naye walikuwapo mwanatheolojia Peter Zimmermann, mchekeshaji Bernd-Lutz Lange, na makatibu watatu wa chama tawala katika wilaya ya Leipzig: Kurt Meyer, Jochen Pommert na Roland Wötzel. Waliandika tamko fupi la sentensi chache. Walisema kwamba wasiwasi wa pamoja ndio uliowakutanisha. Kwamba nchi ilihitaji mjadala huru kuhusu mustakabali wake. Kwamba wao sita waliahidi kufanya kila wawezalo ili mjadala huo ufanyike, si Leipzig tu bali na serikali pia. Na kwamba waliwaomba watu wote wawe na utulivu ili mazungumzo hayo yawezekane. Tamko lilisomwa makanisani. Jioni sauti ya Masur ilisikika ikilisoma kupitia vipaza sauti vya mji.

Watu wapatao 70,000 waliandamana usiku ule kuuzunguka mji. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Polisi walirudi nyuma. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, Ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Ikumbukwe kwamba Masur hakuiokoa Leipzig peke yake. Walikuwapo wachungaji walioyafungua makanisa yao kwa miaka saba. Walikuwapo maafisa waliosita kutoa amri. Walikuwapo makatibu watatu wa chama waliothubutu kutia sahihi bila idhini ya wakubwa wao wa Berlin, na huenda hatari yao ilikuwa kubwa kuliko ya mwanamuziki mwenye jina duniani. Zaidi ya wote, walikuwapo hao 70,000 waliotoka majumbani bila kujua kama wangerudi. Kumpa kiongozi sifa zote ni kusahau kwamba yeye hatoi sauti. Hata hivyo, palihitajika mtu ambaye askari na mwandamanaji wangeweza kumsikiliza kwa pamoja. Chama kisingeaminiwa na umati, na mchungaji asingesikizwa na polisi. Mtu aliyeupa mji muziki kwa miaka kumi na tisa alisikilizwa na pande zote mbili.

Baada ya Tamko

Wiki zilizofuata Gewandhaus iligeuka kuwa ukumbi wa mijadala ya wazi. Jina la Masur likaanza kutajwa kwa wadhifa wa juu wa kisiasa, lakini hakuuchukua. Alibaki katika muziki. Tarehe 2 Oktoba 1990, mkesha wa kuungana kwa Ujerumani, aliongoza Simfoni ya Tisa ya Beethoven mjini Berlin katika sherehe iliyoifunga historia ya Ujerumani Mashariki.

Mwaka 1991 alianza kazi ya kuongoza New York Philharmonic, akaishikilia hadi mwaka 2002. Huko nako siku ilifika ambapo mji ulihitaji okestra yake. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, okestra hiyo ilibadili mpango wake, na tarehe 20 Septemba Masur aliongoza Requiem ya Kijerumani ya Johannes Brahms kuwakumbuka waliofariki. Utunzi huo hauwaombei wafu kwa namna ya requiem za Kilatini. Brahms aliuanza kwa kuwafariji walio hai.

Hakustaafu upesi. Aliongoza London Philharmonic kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, na Orchestre National de France kuanzia mwaka 2002 hadi 2008. Siku alipotimiza miaka 80, tarehe 18 Julai 2007, okestra hizo mbili ziliungana mjini London na yeye akaziongoza pamoja. Mwezi wa Aprili 2012 alianguka kutoka jukwaani mjini Paris katikati ya tamasha, na mwaka huo huo ikatangazwa kwamba alikuwa akiugua ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha viungo na kuuiba utulivu wa mikono. Aliendelea kupanda jukwaani kwa kadiri alivyoweza. Alifariki tarehe 19 Desemba 2015 nchini Marekani, akazikwa Leipzig.

Hitimisho

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa lugha, maisha haya yana swali linalokaribia sana kazi yao. Wasomi wa isimu hufundisha kwamba maana ya usemi haimo katika maneno pekee, bali pia katika msemaji, msikilizaji na muktadha. Tamko la Leipzig ni mfano bora wa kanuni hiyo. Maneno yake yalikuwa ya kawaida, hata ya tahadhari. Hayakudai serikali ianguke. Lau yangesomwa na mtangazaji wa chama, umati ungeyacheka. Yalipata nguvu kwa sababu sauti iliyoyasoma haikuwa imezoea kusema.

Kimya cha Masur kina pande mbili, na si haki kuutaja mmoja na kuuficha mwingine. Upande mmoja ni kimya cha mtu aliyejua mabaya ya watawala na hakuyasema kwa miaka mingi. Upande wa pili ni kimya cha fundi anayesikiliza kabla ya kuinua mkono. Pengine hapana mwanadamu aliye na upande mmoja tu. Linalojulikana ni kwamba saa ilipofika, aliitumia heshima aliyoichuma kwa kazi badala ya kuihifadhi, na aliitumia kuomba watu wazungumze.

Methali ya wahenga, basi, haimsifu kila anayenyamaza. Kuna kimya kinachokufa na mwenyewe bila mshindo wowote. Msomi anayekusanya shahada, vyeo na heshima anajiwekea akiba, na akiba huwa na siku yake. Siku hiyo haitangazwi mapema, wala haingojei mtu amalize kujipima. Masur aliipata alasiri moja ya Jumatatu, akiwa nyumbani kwake, na saa chache tu za kuamua.